Kabureta iliyosingiziwa: kisa cha Honda CG125 iliyokuwa ikizima kwenye taa

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980: umeme wa volti 6, cheche inaongozwa na pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili plagi irushe cheche, breki za ngoma mbele na nyuma. Mwenye nayo ni mwalimu mstaafu aliyefundisha Mbeya kwa miaka mingi na sasa anaishi Kijitonyama. Alipoisukuma hadi kijiweni kwetu Mwananyamala alikuwa na karatasi mfukoni, malalamiko yote ameyapanga kwa mwandiko wa ubaoni. Asubuhi inawaka kwa kiki moja au mbili. Ikiwa na choki inatulia. Ikishapata moto, ukitoa choki inazima. Ukirudisha choki nusu inakaa, lakini inakula mafuta na plagi inajaa masizi. Kwenye foleni sailensi, yaani mwendo wa injini ukiwa umeachia resi, inapanda yenyewe, inang'ang'ania juu, halafu inashuka ghafla na kuzima. Mahali inapopenda kuzima ni taa za Morocco, jua la saa saba mchana, magari yamebanana nyuma yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, fundi. Nina swali moja tu. Ninunue kabureta ya tatu, au niiuze tu pikipiki?"

Nilimwomba asifanye lolote kati ya hayo mawili kwanza. Karatasi ile ilikuwa na thamani kuliko alivyodhani, kwa sababu mteja wa kawaida husema tu "inasumbua", na fundi anashika bisibisi kabla hajauliza inasumbua wakati gani, ikiwa ya moto au ya baridi, resi ikiwa imefungwa au imefunguliwa. Majibu ya maswali hayo ndiyo nusu ya kazi. Kwa ugonjwa wa sailensi naona ni zaidi ya nusu.

Neno moja kuhusu pikipiki hii, kwa vijana ambao wameikuta kwa wazee. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakiwalenga watu wanaofanyia pikipiki kazi ngumu mbali na gereji. Badala ya kemu ya juu yenye mnyororo, kemu iko chini na valvu zinasukumwa kwa fito. Kemu yenyewe ina nundu moja tu inayohudumia valvu zote mbili. Vitu vya kuchakaa ni vichache. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mjini zimetokana na injini ya muundo huu, ndiyo maana hadi leo ukienda Kariakoo unapata spea inayoingia kwenye pikipiki ya umri wa miaka arobaini. Ni neema kubwa. Ila spea kuingia ni jambo moja na kufaa ni jambo jingine, na tofauti hiyo ndiyo iliyomgharimu mwalimu.

Magonjwa matatu, la asili ni moja

Nilimkalisha mwalimu kwenye benchi nikamwomba anisimulie tangu mwanzo. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni hafifu, pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya Dar es Salaam, hata ukishahesabu joto la pwani. Fundi wake wa Mbeya, ambaye kwa kila dalili alijua kazi, alikuwa ameipunguzia mafuta ya sailensi ili yaendane na hewa ile. Mwalimu alipostaafu pikipiki ikapakiwa kwenye lori la viazi, ikashushwa Dar na vipimo vyake vya Mbeya. Huku hewa ni nzito, na mafuta yale yale hayatoshi tena. Hilo peke yake lisingemnyima usingizi: labda ingekuwa nzito kuamka asubuhi na ingepiga vishindo vidogo kwenye ekzosi ukiachia resi. Kugeuza kidogo skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli kungemaliza shauri.

Bahati mbaya ikawekwa stoo. Masika ikaja ikaisha, petroli ikiwa imebaki kwenye bakuli la kabureta. Petroli inapokauka taratibu inaacha utandu wa kahawia unaonata, na utandu huo unaanza kuziba palipo pembamba kuliko pote, yaani tundu la jeti ndogo, kile kipande kinachopimia mafuta ya sailensi. Pikipiki ilipotoka stoo ilikuwa na ugonjwa mmoja wa kweli: jeti ndogo imeziba.

Fundi wa kwanza aliligundua hilo, na nampa haki yake. Lakini alizibua kwa uzi wa chuma uliochomolewa kwenye kebo ya klachi. Jeti ni laini, uzi wa kebo ni mgumu, na tundu likapanuka. Sailensi ikarudi, ila ikawa nzito, inatoa moshi, plagi inajaa masizi kila wiki. Fundi wa pili akasema kabureta imekufa, akaweka mpya ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa ajili ya boda, na kwa kuwa ilikuwa inavuja kwenye maungio akakaza kwa nguvu zake zote nati mbili za flenji, ule uso wa kabureta unaofungwa upande wa injini, akapaka silika ya kuzibia kuzunguka. Wa tatu hakufungua kitu. Alipandisha skrubu ya sailensi hadi injini ikapiga kelele muda wote, akamwambia mwalimu kwamba pikipiki za zamani ndivyo zilivyo.

Kauli hiyo inaniuma kila ninapoisikia. Pikipiki hii ilitoka kiwandani ikitulia kwenye sailensi bila kushikiwa, na chuma hakizeeki kikasahau. Kama haitulii, kuna kitu kimechakaa, kimeziba, kimepinda au kimefungwa vibaya, na kitu hicho kinatafutika.

Resi inasema nini

Kabla sijagusa chochote niliiendesha. Nayo iliniambia mengi, kwa sababu kabureta ya slaidi, yaani yenye kipande kinachopandishwa na resi kufungulia hewa, haifanyi kazi moja; ina njia kadhaa za mafuta, kila njia na zamu yake. Resi ikiwa imefungwa hadi kama moja ya nane, anayehusika ni jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko. Kutoka hapo hadi robo, kinachotawala ni mkato wa chini ya slaidi. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi na mrija inamozama. Robo tatu hadi mwisho ndipo jeti kubwa inapokuwa bwana. Zamu hizi zinapishana kidogo, lakini zinatosha kukuonyesha mlango wa kubisha hodi.

CG125 ya mwalimu kuanzia robo ya resi kwenda juu ilikuwa nzuri kabisa. Ilivuta, haikumisi, ilikwenda kilomita 60 kwa saa kwa raha. Kwa hiyo sindano haina kosa, jeti kubwa haina kosa, na tenki linateremsha mafuta ya kutosha. Nimeona watu wakibadilisha jeti kubwa kwa sababu pikipiki inazima kwenye taa. Ni fedha iliyotupwa, maana injini ikiwa kwenye sailensi jeti kubwa bado haijaingia zamu.

Ushahidi wa pili ulikuwa choki. Choki inazuia hewa na kuongeza mafuta. Pikipiki ya moto inayotulia kwa choki na kuzima bila choki inakuambia wazi kwamba mchanganyiko wake ni mwepesi: hewa imezidi au mafuta yamepungua. Hapo mwalimu akaniuliza swali zuri, swali la mwalimu. Kama mafuta yamepungua, mbona plagi ina masizi meusi, na masizi si dalili ya mafuta mengi?

Ni kweli, masizi makavu ni mafuta mengi. Lakini plagi ilikuwa inaeleza habari ya choki. Mwalimu alikuwa akitembea mjini na choki nusu siku nzima, tena kwa petroli ya bei hii ambayo mamlaka ya EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Plagi ya pikipiki inayoendeshwa na choki haiwezi kukuambia hali ya kabureta. Ndipo wengi wanapopotea: wanaona weusi, wanapunguza mafuta, pikipiki inazidi kuzima, mwenyewe anazidi kuvuta choki, weusi unaongezeka.

Ushahidi wa tatu, na kwangu ndio uliokuwa mzito, ni resi kuning'inia. Ukipiga resi ukaachia, injini nzima inashuka mara moja na kutulia. Ikishuka chini mno, ikataka kuzima, halafu ikainuka kidogo, mara nyingi mafuta yamezidi. Ikibaki juu na kushuka kwa kusitasita, hewa imezidi. Ya mwalimu ilibaki juu, na kadiri ilivyopata moto ndivyo ilivyozidi kubaki. Jeti iliyoziba haiongezeki kuziba kwa sababu injini imepata moto. Ufa ndio unaofunguka kwa joto.

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, maana ndicho kiini cha kisa hiki. Injini ikiwa kwenye sailensi, slaidi imefungwa karibu yote. Hewa inayopita ni kidogo sana, na mvuto nyuma ya slaidi, kati ya kabureta na valvu, ni mkali kuliko wakati mwingine wowote. Ukiwa na upenyo mwembamba mahali hapo, hewa inayoibwa kupitia upenyo ni sehemu kubwa ya hewa yote inayoingia, na hewa hiyo haikupita kwenye jeti, kwa hiyo haina mafuta. Fungua resi hadi nusu: hewa halali inakuwa nyingi, mvuto unapungua, na upenyo ule ule hauna tena uzito. Ndiyo sababu pikipiki inayovuja hewa inakwenda vizuri barabarani na kukuaibisha kwenye taa. Na ndiyo sababu kabureta inasingiziwa: inaonekana ndiyo inayoshindwa kulisha, kumbe inalisha sawasawa injini inayovuta hewa kutoka pengine.

Tapeti na pointi kwanza

Pamoja na shaka yote juu ya hewa, sikuigusa kabureta siku hiyo. Sailensi ni mahali injini inapokuwa dhaifu kuliko pote, kila kasoro ndogo inaonekana hapo, na ukirekebisha kabureta juu ya tapeti mbaya, yaani nafasi za valvu zisizo sawa, unarekebisha uongo.

Injini ikiwa baridi kabisa, pistoni juu kwenye mgandamizo, alama ya T ya sumaku, inayoonyesha pistoni iko juu, ikiwa imelingana, nikapima nafasi za valvu kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Kipimo cha injini hii ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Ya kuingiza ilikuwa sawa. Ya ekzosi ilibana, fila ya 0.05 ndiyo iliyopita kwa shida. Valvu inayobana ikipata moto haikai vizuri kwenye kiti chake, mgandamizo unapungua, na kwenye sailensi injini inakosa nguvu ya kujivuta. Nikairudisha 0.08. Ukimaliza hapo zungusha injini mara mbili upime upya. Nati ya kufungia tapeti ina tabia ya kuvuta kipimo wakati wa kuikaza.

Pointi zilikuwa na kichuguu upande mmoja na kishimo upande wa pili, kama kawaida ya pointi zilizofanya kazi muda mrefu. Nikazisawazisha, nikazifuta kwa kitambaa kisicho na mafuta, nikaweka nafasi ya kati ya milimita 0.3 na 0.4, halafu nikahakiki kwa taa ndogo kwamba zinafunguka pale alama ya F, ile ya wakati wa cheche, inapofika. Plagi nikaweka mpya, nafasi 0.6.

Pikipiki ikawa bora kidogo. Ilikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuzima. Lakini resi bado ilining'inia, na hilo lilinitia moyo, maana sasa lililobaki lilikuwa la hewa au la kabureta tu.

Chupa ya kinyozi

Kwenye vijiwe vingi uvujaji wa hewa unatafutwa kwa kupulizia petroli kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma. Usifanye hivyo. Ekzosi iko sentimita chache kutoka hapo na inaunguza, na waya wa plagi wa zamani unaweza kurusha cheche. Mimi natumia maji, kwenye chupa ya kupulizia ya kinyozi, ile inayotoa mvuke mwembamba.

Ikiwa baridi, jaribio halikuonyesha chochote. Naeleza hili kwa sababu fundi wa pili, kwa maelezo ya mwalimu, naye alikuwa amepima kwa namna yake asubuhi na kuridhika. Tukaipeleka hadi Mwenge na kurudi, injini ikawa ya moto kweli kweli, nikaiacha ining'inie, nikaanza kupulizia kidogo kidogo. Maungio ya kichwa cha injini na shingo, ile njia inayopeleka mchanganyiko kwenye injini: hakuna badiliko. Maungio ya shingo na kile kipande cheusi cha bakelaiti kinachozuia joto lisipande kwenye kabureta: hakuna. Maungio ya bakelaiti na flenji ya kabureta, upande wa chini: hakuna. Upande wa juu: maji yakanyonywa kwenye mstari wa silika, nikayaona yakitoweka, na mlio ukabadilika hapo hapo, resi ikashuka. Nikaacha, ikapanda. Nikapulizia tena, ikashuka. Mwalimu akasogea, akaomba chupa, akafanya mwenyewe.

Nilipofungua, silika ilikuwa imekauka na kuachia vipande, kingine kimeingia hadi ndani ya njia ya hewa. Silika ya kawaida haipatani na petroli, inavimba na kulainika, na haina kazi yoyote mahali hapa. Oringi iliyotakiwa kuziba ilikuwa imelala bapa, ngumu, haina uhai.

Nikalaza flenji juu ya kipande cha kioo kinene cha dirisha, taa nyuma. Masikio mawili yanapopita nati yaligusa kioo, lakini katikati, pale penye tundu la hewa, mwanga ulipita. Ilikuwa imepinda kama upinde. Fila ya milimita 0.15 iliingia bila kusukumwa. Haya ndiyo matokeo ya kukaza sana: nati zinavuta masikio kuelekea injini, katikati haina kinachoivuta, na kadiri unavyokaza kuzuia uvujaji ndivyo unavyoupanua. Bakelaiti nayo ilikuwa imefuata mkunjo huo na ina ufa mwembamba kwenye tundu moja la studi. Nati za flenji ya kabureta zinakazwa kwa spana fupi na vidole viwili, moja kidogo, nyingine kidogo, mpaka zishike.

Kurudisha kabureta ya asili

Ningeweza kunyoosha flenji ya kabureta ile ya bei nafuu. Kwa boda inayotafuta hesabu ya siku ningefanya hivyo na ingefanya kazi. Lakini jeti zake hazikuwa na namba, na slaidi yake ilikuwa inacheza ndani ya nyumba yake ingawa ni mpya. Nikamuuliza mwalimu ile ya zamani iko wapi. Alikuwa ameitunza, imefungwa kwenye gazeti, kabatini. Walimu hawatupi vitu, na ninashukuru.

Ilikuwa kabureta ya kampuni ya Keihin, ile iliyokuja na pikipiki. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko niliifunga taratibu hadi chini nikihesabu imezunguka kiasi gani, ili nijue fundi wa Mbeya aliiacha wapi. Alikuwa ameiweka kwenye upande wa mafuta machache, kama tulivyodhani. Halafu nikafungua kila kitu: bakuli, boya, sindano ya boya, jeti zote mbili, slaidi. Utandu ulikuwa umeshika chini ya bakuli. Jeti ndogo ilikuwa na namba 38, na namba hizo za Keihin zinaelezea tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani karibu 0.38. Waya wa milimita 0.50 ulipita ndani yake bila kugusa. Mtu anaweza kudhani tofauti ya 0.12 si kitu. Lakini mafuta yanapita kwenye eneo la tundu, na eneo linakua kwa mraba wa kipenyo: kutoka 0.38 hadi 0.50 eneo limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Hakuna skrubu ya mchanganyiko itakayorekebisha hilo. Jeti iliyochokonolewa haitengenezeki, inabadilishwa. Ukilazimika kuzibua, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme mwembamba, ambao ni laini kuliko jeti yenyewe, na hata huo uwe baada ya kuloweka na kupuliza kushindikana.

Jeti mpya ya 38 ilipatikana Kariakoo, pamoja na oringi inayovumilia petroli, bakelaiti na sindano ya boya, kwa sababu ncha ya ile ya zamani ilikuwa na mfereji ulioizunguka. Kila kimoja nilikipima pale pale dukani. Bakelaiti ya kwanza niliyopewa ilikuwa imepinda ikiwa mpya, muuzaji akanibadilishia bila maneno.

Usafi wa kabureta unaishia kwenye njia ambazo huzioni. Ndani ya koo, yaani njia kuu ya hewa ya kabureta, karibu na ukingo wa slaidi upande wa injini, kuna vitundu vidogo ambavyo mafuta ya sailensi hutokea. Nikaweka mrija wa dawa ya kusafishia kabureta pale jeti ndogo inapokaa, nikavaa miwani, nikabonyeza. Mwanzoni haikutoka kitu. Nikaiacha iloweke, nikapuliza kwa upepo wa jirani anayeziba pancha, nikabonyeza tena, na uzi mwembamba wa dawa ukaruka kutoka kwenye kitundu hadi ukuta wa pili wa koo. Mpaka uuone uzi huo usiseme kabureta ni safi, hata kama nje inang'aa kama siku ilipotoka dukani. Mara nyingi ukisikia "nimeisafisha mara tatu na bado", kitundu hicho hakikuwahi kuzibuka.

Flenji ya Keihin ilikuwa na mkunjo mdogo sana. Nikabandika msasa namba 400 juu ya kile kioo, nikaulowesha, nikasugua kwa mizunguko ya umbo la tarakimu nane bila kukandamiza, hadi alama za msasa zikaenea sawasawa. Kisha ikafungwa: oringi, bakelaiti, nati kwa vidole viwili. Kimo cha mafuta nikakihakiki kwa kipande cha mrija unaoonyesha ndani, uliounganishwa kwenye tundu la kumwagia la bakuli na kuinuliwa ubavuni. Mafuta yalisimama chini kidogo ya maungio ya bakuli, panapostahili.

Sponji ya kuchujia hewa ilikuwa imegeuka unga, nikabadilisha, maana kurekebisha mchanganyiko bila kichujio ni kurekebisha kitu ambacho hakitakuwapo. Tenki lilikuwa na kutu kidogo, likasukutuliwa, na kifilta kikawekwa kwenye mrija.

Kuseti

Skrubu ya mchanganyiko niliianzia mzunguko mmoja na nusu kutoka chini. Injini ikapata moto barabarani. Kuseti injini ya baridi ni kazi ya kurudia. Nikapandisha sailensi kidogo ili isizime, nikafunga skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi injini ikaanza kulegea, nikafungua hadi ikalegea upande wa pili, nikarudi katikati pale inapokimbia kwa wepesi kuliko pote. Ikapanda, nikashusha sailensi, nikarudia mchanganyiko, nikashusha tena. Niliishia karibu mizunguko 1,300 hadi 1,400 kwa dakika, kwa kipimo kidogo kinachozungushwa kwenye waya wa plagi, kwa kuwa CG125 hii haina saa ya mizunguko.

Kama unafanya mwenyewe, angalia skrubu iko upande gani. Ikiwa upande wa kichujio cha hewa inatawala hewa, na kuifungua kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini inatawala mafuta, na kuifungua kunaongeza. Ukikuta mahali pazuri ni skrubu ikiwa imefungwa kabisa, au imefunguliwa zaidi ya mizunguko mitatu, acha kuizungusha: jeti siyo, au bado kuna kinachovuja.

Mwalimu aliuliza itakuwaje akienda nayo Mbeya likizo. Itazidisha mafuta kidogo, nikamwambia, na skrubu hiyo hiyo ndiyo atakayoipunguza akifika. Akiona inakosa pumzi hata resi ikiwa wazi kabisa, basi atahitaji jeti kubwa ya namba ya chini yake.

Tuliijaribu mchana, kwa makusudi, Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta na kurudi hadi taa za Morocco, choki ikiwa imetolewa tangu tulipoondoka. Kwenye foleni ilinguruma taratibu, ukipiga resi na kuachia inashuka mara moja. Plagi nilipoifungua ilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, na safari hii niliiamini. Asubuhi bado inataka choki kwa dakika moja hivi, kama inavyotakiwa.

Mwalimu sasa anafunga koki ya mafuta akijua pikipiki haitatoka siku kadhaa, na anafungua skrubu ya chini ya bakuli kumwaga kilichobaki. Kilichobaki upande wangu ni slaidi. Imeliwa kidogo upande wa injini, inacheza ukiisukuma kwa kidole, na ikiendelea kulika itaanza kupitisha hewa yenyewe. Haijafika mahali pa kubadilishwa, na slaidi ya Keihin ya miaka hiyo haipatikani kirahisi Kariakoo, kwa hiyo nimeanza kuitafuta mapema.